Mushiya na Lenzi Fupi

"Usikanyage kitenge!"

Ndiyo salamu aliyonipa Mushiya Jumamosi ile, nilipoinama kupita chini ya mlango wa chuma wa studio ya picha. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu tu. Baba yake aliuacha hivyo tangu vijana walipoanza kuzunguka mitaa ya Kolwezi wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Nusu iliyo wazi ilimwambia mteja: tupo. Nusu iliyofungwa ilimwambia mwenye jiwe: hatupo.

Nilisimama palepale. Sakafuni, mahali walipokuwa wakikaa maharusi na watoto wa ubatizo kungojea picha, alikuwa ametandaza kitenge, na juu ya kitenge amepanga lenzi zake zote na vile vioo vidogo vya rangi vinavyofungwa mbele ya lenzi, ambavyo yeye aliviita filtre. Alikuwa akivipangusa kimoja kimoja kwa shati kuukuu la baba yake. Hakuinua macho.

"Unauzisha?" nikamuuliza.

"Nachagula. Baba anasema nibebe yenye itaingia mu kifuko moja. Kule ku stesheni askari banatosha batu bintu yao, banabeba."

"Na kesho?"

"Kesho njo shida."

Kesho yake yalikuwa mashindano ya pikipiki ya Musonoi, mtaa wa mgodini. Msinicheke. Mji ulikuwa umeanguka. Mshahara umekuwa hadithi, mashimo ya mgodi yanajaa maji, familia nzima zinalala stesheni juu ya mabunda zikingoja treni ya kuwapeleka kwao, na huko kwao wengine hawajawahi kukuona, maana walizaliwa hapahapa, na baba zao walizaliwa hapahapa. Katikati ya kilio hicho wakubwa wakaona kinachotakiwa ni mashindano. Ili nani aone? Wao wanajua. Wakataka na picha nzuri, waonyeshe huko juu kwamba Kolwezi watu wanacheka. Na Kolwezi nzima, mtu aliyejua kuipiga picha pikipiki ikiwa hewani alikuwa mmoja tu, binti wa Badibanga, Mukasai. Basi walewale waliosema aondoke wakamtuma karani wa klabu aje kumbembeleza abaki mpaka Jumapili.

Nami nilikuwa miongoni mwa wakimbiaji. Mimi Kabemba, fundi wa pikipiki, shule niliiacha mapema na shule haikunitafuta. Kwa nini nilikubali kuwakimbilia wakubwa? Kwa sababu yeye angekuwepo. Jibu lingine sina.

"Chukua ile ndefu," nilimwambia. Nilichuchumaa upande wa pili wa kitenge. "Panda juu ya mabati ya nyumba ya pampu, sawa ile siku ya mashindano ingine. Pale hakuna mutu anakufikia."

"Ile siku mvua ilikuwa imenyesha, Kabemba. Angalia inje leo. Vumbi."

"Vumbi iko fasi yote."

"Sikia vile nakuambia." Akainyanyua lenzi ndefu kwa mikono miwili kama mtu anayenyanyua mtoto mchanga. "Hii haivutaka pikipiki peke. Inavuta na vumbi yote yenye iko katikati yangu na weye. Yote inalala ku sura yako. Natosha picha mu maji, naona uji."

"Basi fungia filtre. Si ulinisemea hii ya njano inapasula ukungu?"

"Ukungu, ndiyo. Vumbi ya Musonoi haiko ukungu, ni udongo. Njano itafanya nini na udongo?" Akaisukuma pembeni kwa kidole. "Na hii nyekundu njo mbaya zaidi. Ku filme ya nyeupe na nyeusi, nyekundu inafanya hii udongo yetu nyekundu inakuwa nyeupe, sawa bunga ya muhogo. Unaingia ndani ya bunga, mi sikuone tena."

"Hii nyeusi-nyeusi?"

Ndipo alipotabasamu kidogo. Siku hizo tabasamu lake lilikuwa limeadimika, hata nikalihesabu kama mali.

"Hii inapunguza mwangaza. Jua ikiwa kali na mi nataka batu baone mbio, naifunga. Mashine inafungula jicho yake pole. Na mi nakufuata vile unapita. Na kichwa, na mabega, na kiuno. Hivi."

Alisimama. Akashika mashine ya picha isiyo na lenzi, akaanza kugeuka polepole kutoka mlangoni, akiifuata pikipiki ambayo haipo, kichwa, mabega, kiuno, miguu imetulia. Akageuka mpaka macho yake yakanifikia mimi pale chini. Hakuendelea. Pikipiki yake ya mawazo ilikuwa imeishia kwangu.

"Ukinifuata muzuri," aliniambia taratibu, "hapana, mi nikikufuata muzuri, weye unabaki wazi. Bengine bote nyuma yako banakuwa mistari tu."

Nikatazama viatu vyangu. Mwanaume mzima, mikono yangu inafungua injini gizani, nikashindwa pa kuiweka.

"Basi kesho ni nyeusi," nikasema.

"Hapana. Nyeusi inatakaka mukono yenye haitetemeke. Kesho yangu itatetemeka." Akachuchumaa tena, akachagua lenzi moja fupi, nene, ya kujaa kiganja, akaifungia kioo kisicho na rangi kabisa. "Nabeba hii. Kioo ni ya kuzuia bijiwe tu. Na hii inataka nisimame karibu. Nitasimama ku kona."

"Ku kona?"

"Ku kona."

"Mushiya, ku kona njo kunasimamaka bale batoto bote benye banaimba mu barabara!"

"Nayua fasi banasimama."

"Unayua, na unaenda?"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Uko na wazimu? Batu bananyang'anyiwa nyumba, weye unataka kuingia katikati yao na mashine ya picha ku shingo?"

Akalitupa lile shati chini. "Na mi nibebe nini, Kabemba? Treni ikikuya, mi nitakuwa na nini ya weye? Kofia na vumbi? Uji? Nataka sura yako. Macho yako. Lenzi ndefu haitanipatia, filtre haitanipatia. Karibu tu njo itanipatia." Akaifunga lenzi fupi kwenye mashine. "Siombe kintu kingine."

Nje, mbali kidogo, vijana walikuwa wanapita na ngoma. Tulivuta kitenge mbali na mlango, tukangoja mpaka wakapita.

Lazima niseme kwa nini mimi na yeye tulikuwa tunagombana juu ya vioo badala ya kwenda kwa padri.

Nilikuwa na mke, Abigaëlle. Alikufa akijifungua, yeye na mtoto, kwa sababu siku ile ambulansi ilikuwa imebeba viti vya karamu ya mkubwa mmoja. Viti! Tangu hapo nikisikia mtu anasema "wakubwa wanajua", mate yananijaa mdomoni. Na kwetu mwanaume aliyefiwa hajitoi mwenyewe kwenye kifo. Ukoo wa marehemu ndio unaomtoa. Wakipenda wanampa ndugu wa marehemu akae mahali pake. Wasipokuwa naye, wanamwosha kwa maji na kumwambia nenda. Kabla ya hapo akienda kwa mwanamke mwingine, wanasema marehemu atamfuata huyo mwanamke. Mama Nkulu, mama mkwe wangu, hakuwa na binti mwingine wa kunipa. Na kuniosha alikataa.

Mambo yangu na Mushiya angeweza kuyanyamazia, lakini ikatokea picha. Mashindano yaliyopita Mushiya alinipiga picha kwa ile lenzi ndefu nikiruka shimo, akaibandika kwenye kioo cha studio kwa furaha. Mji mzima ukaiona. Wakimbiaji wengine wote wanatazama udongo ulio mbele ya gurudumu. Mimi macho yangu yako juu, kwenye mabati ya nyumba ya pampu. Mama Nkulu alisimama mbele ya kioo kile na beseni lake la karanga kichwani, akatazama, akatazama, kisha akaja uwanjani kwangu.

"Bukwe yangu," alisema, ndivyo alivyoniita mimi mkwe wake, "ile shimo ulikuwa unaruka, ilikuwa ku mabati?"

Watu walicheka mtaa mzima. Yeye hakucheka.

Basi Jumamosi ile, ngoma zilipopita, pazia la chumba cha giza cha kusafishia picha likasogezwa, akatoka baba yake, Tata Badibanga, na kamba za kufungia mabunda. Mzee mrefu, shati limefungwa vifungo vyote hata siku za taabu.

"Kabemba," aliniita, "unapiga kelele mu nyumba ya batu benye banafichama."

"Unisamehe, tata."

"Nilisikia yote. Ukuta ni ya mbao." Akakaa juu ya bunda moja. "Unamupenda mutoto yangu?"

"Namupenda, tata."

"Mi ningekupatia yeye leo, bila mbuzi, bila kintu. Vile bintu iko, nani atahesabu mbuzi? Lakini ninakuuliza neno moja. Nani alikuosha?"

Nikainamisha kichwa.

"Hakuna," akajijibu mwenyewe. "Na siye kwetu tunaogopaka ile kintu sawa ninyi. Mi nimeacha nyumba. Naacha studio. Jirani yangu, mwenye nilimupigia picha ya ndoa, amekuya kupima madirisha yangu. Sitaacha na mutoto ju ya marehemu wa mutu mwingine."

"Baba..." Mushiya alianza.

"Nyamaza, mama. Nasema na mwanaume." Baba yake alimwita mama hivyo tangu utoto, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake, mama wa mzee. "Kabemba, Mama Nkulu akisema mbele ya batu kama amekuachilia, nitasikia. Asiposema, kesho kisha course, mashindano ikiisha, unaaga muzuri, unarudi kwako. Banasema treni imeshapita Tenke, inakuya."

Jua halijazama nilikuwa kwa Mama Nkulu, Musonoi, nimepiga magoti kati ya magunia yake matupu. Alinisikiliza akichagua karanga, mbovu huku, nzima huku.

"Nikuoshe," alisema, "kisha nibaki na nani?"

"Mama, nitakuya kukuona kila..."

"Wacha bongo, usinidanganye. Nilikuwa na mutoto moja. Weye njo kintu yenye ilibakia ya ule mutoto. Nikikumwagia maji, mi nakuwa mama ya nani?" Akatupa karanga mbovu kwa nguvu. "Na tena ju ya mwanamuke mwenye anapanda treni! Utamukamata kwa dirisha?"

"Namupenda, mama."

"Na Abigaëlle ulimupenda. Nilikuona. Ulilia sawa ngombe." Akanitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa ya hasira, nami ningependa yangekuwa ya hasira. "Enda kulala. Kesho uangalie njia, usiangalie mabati."

Jumapili jua lilitoka limechacha. Kilima cha udongo uliotupwa na mgodi kilikuwa kinafuka vumbi hata kabla ya pikipiki kuwashwa. Wakubwa walikaa chini ya hema na vinywaji baridi, wake zao na miwani myeusi, na mmoja akashika kipaza sauti akasema Kolwezi ni mji wa amani. Kutoka pale kilimani, mtu akigeuka tu, stesheni ilikuwa inaonekana na moshi wa masufuria ya wale wanaofukuzwa. Hakuna aliyegeuka.

Nilimtafuta Mushiya juu ya mabati ya nyumba ya pampu, nikiomba awe amebadili mawazo. Mabati yalikuwa matupu. Nikashusha macho mpaka kwenye kona. Alikuwa pale, amepiga goti moja karibu na kamba, kitambaa kimefunika nywele, lenzi fupi usoni. Nyuma ya njia, upande aliouelekea, wamejaa vijana.

Bendera ikashuka.

Mzunguko wa kwanza nilimpita karibu sana hata nikaona kidole chake kikibonyeza. Sikutazama njia. Nilitazama kile kioo kisicho na rangi, na nyuma ya kioo nilijua kuna nini. Gurudumu la nyuma likaniteleza, nikalirudisha kwa mguu.

Mzunguko wa pili vumbi lilikuwa zito, nikamwona kwa shida. Alikuwa amesogea mbele zaidi. Lenzi fupi ndiyo tabia yake: ukitaka kitu kikubwa, usogee.

Mzunguko wa tatu kona ilikuwa imebadilika. Kamba imekanyagwa. Vijana wamevuka njia, wamemzunguka, na mkono mmoja umeshika mkanda wa mashine ya picha uliokuwa shingoni mwake.

Hapo mashindano yaliisha kwangu. Nilikata njia, nikashuka ule mteremko wa mawe ambao hata mbuzi hushuka kwa kuzunguka, pikipiki ikanitupa chini kabla sijafika, ikabaki inalia peke yake na gurudumu juu. Nikakimbia kwa miguu. Niliwasikia kabla sijawaona.

"Anapiga sura zetu!"

"Mukasai anaacha sura zetu ku askari, kisha yeye anapanda treni!"

"Toa filme! Toa!"

"Napiga pikipiki," sauti ya Mushiya, nyembamba. "Ninyi muko nyuma ya pikipiki, mi nifanye nini?"

Na ukweli ni huo. Lenzi ndefu ingechukua mkimbiaji peke yake na kuwaacha wao kuwa ukungu. Lenzi fupi inachukua kila kitu, mkimbiaji, kamba, vijana, meno yao. Nilisukuma mgongo wa kwanza, nikasukuma wa pili, mtu akanipiga kiwiko cha mbavu, nikainama. Na wakati nimeinama nikasikia kitu kama mvua juu ya mawe.

Zilikuwa karanga. Mama Nkulu alikuwa amepindua beseni lake zima chini ili apate mikono. Beseni lenyewe akalishika kama ngao, akapita nalo katikati ya vijana, na ulimi umetangulia.

"Weye! Mutoto ya Ngoy! Mi njo nilikukata kitovu, na nilikosea, ningekata kichwa! Na weye mwenye pua, unakojoaka kitanda mpaka wakati unaanza kunyoa ndevu, leo njo uko mwanaume ya kunyonga wanamuke? Tosha mukono ku mutoto yangu!"

Wachache wakacheka. Yule aliyeshika mkanda hakuachia.

"Mutoto yako gani, mama? Mutoto yako iko mu makaburi."

Kicheko kikakatika. Hata pikipiki yangu kule juu ilikuwa imezimika. Nikaona uso wa Mama Nkulu ukipigwa na neno lile kama kofi, nikafikiri atakaa chini alie. Hakukaa. Akamshika Mushiya kifundo cha mkono.

"Umesikia muzuri," alisema. "Mutoto yangu. Amekuya fasi ya Abigaëlle. Nani iko na neno?"

Ajuza mmoja aliyekuwa anauza maji pale kando akaweka ndoo yake chini. "Ee! Mama Nkulu amepatia bukwe yake mwanamuke!" Akapiga kigelegele. Ni mazoea tu, mwanamke wa kwetu akisikia neno kama hilo ulimi unajiendea. Mwingine akampokea, na mwingine, mpaka vigelegele vikapanda mlima, na wale wakubwa chini ya hema, hawajui kitu, wakaanza kupiga makofi.

Mkono wa yule kijana ukaachia wenyewe. Nani ataushika mkanda wa mwanamke anayekabidhiwa, vigelegele vinalia? Alitazama chini, akaanza kuokota karanga.

Tulirudi studio watatu, Mama Nkulu mbele, bila kusema. Alipoingia tu chini ya mlango akanigeukia.

"Usifungule kinywa. Nilisema ile neno ju ya kumukomboa. Balikuwa banamunyonga. Angekuwa mbwa ningesema ni mbwa yangu."

"Mama, neno imesemwa mbele ya batu," nikamwambia.

"Ni ulimi!"

"Imesemwa," Tata Badibanga alisema kutoka gizani. Habari zilikuwa zimetutangulia, vigelegele vilisikika mpaka mjini. Alisimama, akampa Mama Nkulu kiti kimoja kilichobaki, akashika mkono wake kwa mikono miwili. "Mama, umemurudisha mutoto yangu nikiwa nimekaa hapa sina nguvu. Aksanti. Lakini ku kwetu, mama akitangaza mutoto mbele ya batu, hapana kurudisha."

"Hata ku kwetu," alisema Mama Nkulu, polepole, kama mtu anayegundua kwamba mlango alioufunga amejifungia mwenyewe ndani. Kisha akainua kidevu. "Muzuri. Kama ni mutoto yangu, anabaki kwangu. Nani atamugusa Musonoi na mi niko? Treni iende bila yeye."

Abaki! Nikamtazama Mushiya. Yeye alikuwa anamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameanza kufunga kamba iliyokwisha kufungwa.

"Mama," alisema Mushiya, akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Umenikomboa, na nakuita mama, si ya mudomo. Lakini baba hana mutu mwingine. Kule tunaenda hatuyui mutu. Akianguka mu njia, nani atamunyanyua?"

"Na mi nani ataninyanyua?"

Machozi yalimtoka Mushiya, hakuyafuta.

Ndipo nikasema lile nililokuwa nimelibeba tangu jana bila kulitazama. "Mama bukwe. Kama yeye anaenda, na mi naenda."

"Unaenda wapi? Kule haukuzaliwa kule!"

"Hata bao habakuzaliwa kule."

"Na kaburi ya Abigaëlle?"

"Iko. Hakuna mutu ataifukuza." Nikamsogelea. "Mama, bakubwa balinitwalia bibi ju ya biti ya karamu. Leo banatwala Mushiya tena, na mi nibakie hapa kubatengenezea pikipiki, bakunywe baridi, baseme mbele ya batu ni amani? Siwezi. Nitakufa nikiwa natembea."

Mama Nkulu akaligeuza beseni lake tupu magotini. Nje watu walianza kukimbia, wakiita kwamba treni imeingia. Tata Badibanga hakusogea.

"Badibanga," alisema Mama Nkulu mwishowe, "muko na maji hapa?"

Mushiya alileta maji yale aliyokuwa akioshea picha, ndiyo yaliyobaki. Mama Nkulu akasimama nyuma yangu, akaniinamisha kichwa, akayamwaga. Vumbi la Musonoi likanishuka usoni matope, machoni, mdomoni. Aliniosha kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria, masikio, shingo, akisema maneno ya kwetu na jina la binti yake ndani yake.

"Nimemutosha mu kifo," alimwambia Badibanga. "Umeona? Mutu asiseme kesho." Kisha akamvuta Mushiya, akamnong'oneza kitu sikioni, kirefu. Mpaka leo sijaambiwa ni nini. Akachukua beseni lake tupu, akapita chini ya mlango bila kuinama sana, maana alikuwa mfupi, na hakututazama tena.

"Bukwe," aliniita Tata Badibanga, na neno lile kutoka kinywani mwake lilinipasua kifua, "kamata ile bunda kubwa. Utalia mu njia."

Tulipokuwa tunatoka tukakutana mlangoni na yule karani wa klabu, tai shingoni, jasho chini ya tai.

"Mademoiselle, filme ya course. Wakubwa wanaingojea. Na tumesikia kuna vurugu ku kona, wanataka kuona sura za wale vijana."

Mushiya aliweka kifuko chini. Akafungua mgongo wa mashine ya picha, palepale juani, akavuta filme yote kama mtu anayevuta utumbo wa samaki, mkono baada ya mkono, mpaka mwisho, akamwekea karani kiganjani. Lundo jeusi linalong'aa.

"Ni hii."

"Umeiua!" karani alipiga kelele. "Umeiua yote!"

"Ni batoto ya batu," Mushiya alisema. "Ubaambie bakubwa jua ilikuwa kali."

Karani alibaki na lundo lake. Sisi tukaanza kuteremka kuelekea stesheni, mzee mbele, bunda likinipiga kisogoni. Niliyafikiria yale mashindano, kidole chake kikibonyeza, mimi nikipita karibu kiasi kile.

"Mushiya. Na picha yangu ilikuwa mule ndani."

"Ilikuwa. Muzuri sana. Macho na yote."

"Ulihatarisha shingo yako ju yake."

"Ee." Alihamisha kifuko begani, akaingiza mkono wake mkavu ndani ya wangu uliojaa matope. "Picha unapigaka mutu mwenye anabaki. Weye unakuya. Tembea, treni haingojake."